Jinsi ya kutunga sheria za haki kwenye ligi ya bastola za upepo za bei nafuu

Msimu wetu wa kwanza tulikuwa na sheria tano tu kwenye karatasi moja, na ya kwanza ilisema bastola isizidi bei fulani, basi, tukaona tumemaliza. Wiki ya pili mwenzetu mmoja akaja na bastola ya mashindano ya zamani kaipata mtumba, hela aliyotoa iko chini kabisa ya kikomo chetu na risiti anayo mfukoni, yaani hajadanganya mtu. Sisi tunahangaika kufika 200 kati ya 300, yeye anapiga 270 kwa raha zake. Hakuna aliyeweza kumwambia kitu maana sheria hakuivunja, ila wiki ya nne watu watatu hawakurudi, na ile karatasi mimi ndo niliyeiandika. Iliniuma na bado inaniuma, maana wale watatu ndo hasa ligi ilianzishwa kwa ajili yao, watu wenye bastola za kawaida ambao hawataki kukopa ili wacheze.

Tangu hapo kabla sijaandika sheria yoyote najiuliza swali moja, siku ya mechi hii ntaipima na nini? Kama jibu ni rula, mzani, saa au macho ya watu wawili naiandika. Kama jibu ni "tutaaminiana" naifuta natafuta njia nyingine ya kufika palepale. Hatua zinazofuata zote zimetoka kwenye swali hilo.

Hatua ya 1: sheria ya nchi na macho ya watu

Hii haina mjadala. Bastola ya upepo kila nchi inaichukulia kivyake, kuna sehemu inauzwa kama kifaa cha michezo, kuna sehemu inataka kibali kama silaha ya moto, na kuna sehemu wanaangalia nguvu yake, mfano Uingereza ikizidi futi-pauni 6 (kama jouli 8 hivi) inaingia kwenye silaha zilizokatazwa, Ujerumani mpaka wao kwa zile zisizohitaji leseni ni jouli 7.5. Kaulizeni polisi au mamlaka ya silaha ya kwenu kabla hamjapanga hata ratiba, alafu majibu muyaandike juu kabisa ya sheria zenu.

Kwenye usalama andika machache na yasiwe na "ila". Miwani ya kinga kwa kila aliyepo, hata aliyekuja kuangalia tu. Mtutu unaelekea kwenye shabaha muda wote ukiwa kwenye laini, yaani pale wapigaji wanaposimama. Risasi ni za madini ya risasi tu, zile gololi za chuma marufuku kabisa maana zikigonga kitu kigumu zinarudi kwa aliyepiga, na ndo zinazotoboa macho ya watu. Nyuma ya shabaha pawe na boksi imara lililojazwa nguo kuukuu au mazulia, na nyuma yake tena pawe na bati nene au ukuta. Mkimaliza mnanawa mikono kwa sabuni, na kwenye laini hakuna kula wala kunywa, ile risasi ni sumu inayoingia mwilini kidogo kidogo.

Amri nne zinatosha: pakia, anza, acha, toa risasi. Msimamizi wa laini ni mmoja na yeye hapigi raundi hiyo. Ila neno "acha" mtu yeyote anaruhusiwa kulipiga kelele akiona hatari, hata mtoto wa miaka 12, na likisikika kila bastola inawekwa mezani ikiwa wazi, haiguswi mpaka aliyeenda mbele arudi. Atakayegusa bastola wakati mtu yuko mbele raundi yake imeisha, awe mgeni au mwenyekiti. Hapo sina huruma.

Hatua ya 2: amueni ligi ni ya nani

Kuna vitu viwili watu wanavichanganya. Kimoja ni kujua nani anapiga vizuri zaidi kati ya watu wenye vifaa vya levo moja. Kingine ni kumpa kila mtu nafasi ya kushinda akijitahidi kuliko alivyozoea. Vyote viwili ni haki, ila kila kimoja kinataka sheria zake, na ukivilazimisha kwenye msimamo mmoja wa ligi kila mtu atalalamika na kila mtu atakuwa sahihi.

Kwa hiyo wekeni misimamo miwili kutoka kwenye kadi (karatasi za shabaha) zilezile. Wa kwanza ni wa pointi halisi, hapo bastola lazima zibanwe. Wa pili ni wa nyongeza, yaani kila mtu anaongezewa pointi kulingana na wastani wake (hatua ya 8), hapo bastola hazina shida sana kwa sababu ntakayoieleza mbele. Kazi haiongezeki, ni safu moja tu zaidi kwenye daftari, ila ugomvi unapungua sana.

Hatua ya 3: bastola ipi inaingia

Bei achaneni nayo. Bei inabadilika, mtumba hauna bei, mtu anaweza kupewa zawadi, na wewe huwezi kumkagua mtu mfuko. Badala yake mnabana sifa ya bastola, kisha mnaongeza orodha ya majina.

Sifa kwanza. Daraja la bajeti liruhusu za springi, za kujaza upepo kwa mkono (ziwe za pampu moja au pampu nyingi) na za gesi ya kapsuli ya gramu 12. Zile za mtungi wa upepo uliobanwa, mfano Steyr LP10 au Morini CM 162, zimetengenezwa kwa ajili ya mashindano makubwa kabisa, mwenye nayo anakaribishwa kwa moyo wote ila anaingia msimamo wa nyongeza tu. Saiti (za kulengea) ziwe za chuma za kawaida, ya mbele na ya nyuma, taa nyekundu na lenzi hapana. Kipenyo cha risasi kiwe milimita 4.5 peke yake. Hapo kwenye kipenyo watu wataleta ubishi maana kuna bastola nyingi nzuri na za bei ya chini za milimita 5.5, Crosman 2240 ikiwemo, ila tundu la 5.5 ni pana kwa nusu milimita kila upande, linagusa mistari ambayo la 4.5 lisingeigusa, kwa hiyo mwenye nayo anapata pointi za bure kila kadi bila kufanya lolote.

Sifa peke yake hazitoshi, na hapa ndo ule msimu wetu ungeokoka. Feinwerkbau 65 ni ya springi, ukiandika tu "springi inaruhusiwa" umeifungulia mlango, wakati ile ni bastola ya mashindano iliyotengenezwa isimrushie mpigaji mtikisiko. Baikal IZH-46 ni ya pampu moja tu, kwa macho ni chuma cha kawaida, lakini usahihi wake unakaribia zile za bei kubwa. Haziwezi kukaa meza moja na bastola ya springi ya kujifunzia. Kwa hiyo chini ya sifa andikeni orodha ya zilizokubaliwa kwa jina na modeli, anzeni na ambazo wanachama wanazo tayari, na isiyokuwemo inaombewa kabla ya msimu, sio asubuhi ya mechi. Anayeomba anaileta, watu wawili wengine wanapiga nayo kadi mbili mbili, alafu wanachama wanapiga kura. Inachukua nusu saa.

Kuhusu kuchakachua: kuchonga mpini ukae vizuri mkononi ruksa ili mradi haushiki kifundo cha mkono, kupaka rangi saiti ruksa, kukaza au kulegeza skrubu alizoweka mwenye kiwanda ruksa. Kubadilisha mtutu, kufunga triga ya kununua pembeni, kuongeza vyuma vya uzito, hapana. Uzito wote usizidi gramu 1500, ndo kikomo cha mashindano ya kimataifa pia, na mzani wa jikoni unatosha kupimia.

Hatua ya 4: triga na chupa ya maji

Kimataifa triga ya bastola ya upepo ya mita 10 haitakiwi kuachia chini ya gramu 500. Bastola nyingi za bei ndogo triga zake ni nzito kuliko hapo, nyingine zinataka kuvutwa kwa kilo na zaidi, kwa hiyo utaona kama sheria haina kazi. Inayo, maana kuna mtu atakaa na bisibisi usiku kucha mpaka triga yake iachie kwa pumzi, na hiyo mbali na kutokuwa fea ni hatari kwa aliyesimama pembeni yake.

Kifaa cha kupimia mnatengeneza wenyewe. Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, funga waya shingoni, waya uwe na kitanzi juu, weka yote kwenye mzani ukiongeza au kupunguza maji mpaka isome gramu 500 kamili, chupa na waya vikiwemo. Siku ya mechi watu wawili wanahakikisha bastola haina risasi, inakokiwa, mtutu unaelekezwa juu wima, kitanzi kinakaa katikati ya triga pale kidole kinapokaa, alafu unaiinua taratibu mpaka kitako cha chupa kiachane na meza. Ikining'inia bila triga kuachia imepita. Ikiachia wanarudia, nafasi jumla ni tatu. Iinueni polepole kweli, maana ukiishtua chupa inacheza na maji yanayumba ndani, triga isiyo na kosa inafeli na mwenye bastola ana haki ya kukasirika. Na bastola za springi hazipendi kufyatuliwa tupu, kwa hiyo zikishapita msizirudie rudie kwa mchezo.

Hatua ya 5: umbali na kadi, hapa ndo wengi wanakosea

Kama mna mita 10 tumieni mita 10. Pimeni kwa tepu kutoka ukingo wa mbele wa laini ya kusimama mpaka uso wa kadi, katikati ya kadi iwe mita 1.4 kutoka sakafuni. Kadi ya kimataifa ina duara la 10 lenye kipenyo cha milimita 11.5, kila duara linalofuata linaongezeka milimita 16 mpaka la 1 lenye 155.5, na eneo jeusi linaanzia duara la 7, kipenyo 59.5.

Shida inaanza mkiwa na chumba cha mita 5. Watu wanachukua kadi ya mita 10 wanaipunguza nusu, wanaona hesabu imekaa sawa. Haijakaa. Tundu la risasi halipungui, linabaki 4.5 uwe mita 10 uwe mita 5, na pointi inahesabiwa kwa ukingo wa tundu kugusa mstari. Kwenye mita 10 ukijumlisha duara la 10 na upana wa risasi unapata 11.5 + 4.5, yaani 16, hiyo ndo nafasi halisi ambayo katikati ya risasi inaweza kuangukia ukapata 10. Kwa mita 5 nafasi hiyo inatakiwa iwe nusu yake, yaani 8, ukitoa risasi 4.5 unabaki na duara la milimita 3.5. Sasa yule aliyekata nusu kavu kavu kaweka 5.75, kwa hiyo nafasi yake ni 10.25, ni sawa na kumpa mtu wa mita 10 nafasi ya 20.5 badala ya 16. Kumi zinamwagika tu.

Kwa hiyo kadi ya mita 5 inakuwa hivi: 10 ni 3.5, 9 ni 11.5, 8 ni 19.5, 7 ni 27.5, unaendelea kuongeza 8 mpaka la 1 linafika 75.5. Eneo jeusi lichoreni milimita 30 hivi, hilo halihusiani na tundu, ni la jicho tu, lionekane ukubwa uleule kama mtu yuko mita 10. Mkiwa na kundi moja linapiga mita 5 na lingine mita 10, hesabu hii ndo itafanya skoa zao zilingane angalau kwa jiometri, ila upepo na mwanga ni habari nyingine kwa hiyo kama mnaweza wekeni wote umbali mmoja.

Printa nazo zina tabia mbaya, zinapunguza ukurasa zenyewe ili uenee. Chagua ukubwa halisi, asilimia 100, na ikitoka weka rula juu ya eneo jeusi. Nimeshaona kadi ya mita 10 yenye jeusi la 57 badala ya 59.5, mtu kaitumia wiki mbili akidhani kiwango chake kimeshuka. Karatasi iwe nene, manila inafaa, maana karatasi nyepesi inachanika na mkichanikiwa mnabaki kubishania matambara. Na risasi ziwe za kichwa bapa, zinakata tundu la mviringo safi kama la mashine ya kutobolea mafaili, wakati zile zenye ncha zinapasua tu.

Nafasi za kusimama zigawanywe kwa bahati nasibu kila raundi. Kuna nafasi moja huwa ina mwanga mbaya au upepo wa dirisha, na isiwe ya mtu mmoja kila wiki.

Hatua ya 6: raundi yenyewe

Mashindano ya kimataifa ni risasi 60, dakika 15 za maandalizi na kujipima, alafu dakika 75 kwa shabaha za umeme. Kwa ligi ya jioni hiyo ni ndefu mno. Fanyeni dakika 10 za kujipima kwenye kadi iliyowekewa alama, kisha risasi 30 kwa dakika 40, kadi sita zenye risasi tano tano, jumla 300. Msizidishe tano kwa kadi, mtu akianza kupata kumi nyingi matundu yanakaliana na hamtajua kitu.

Kusimama, mkono mmoja, bila kuegemea chochote, bila mkanda wa kukaza kifundo. Anayeanza na mkono hauna nguvu bado apige kwa mikono miwili ila aingie msimamo wa nyongeza. Mwenye ulemavu wa miguu anakaa, ili mradi mkono unaopiga haujaegemezwa, na anahesabiwa kote kote kama wengine.

Bastola za gesi zinataka kifungu chake. Gesi ya kapsuli inategemea joto, kwenye nyuzi 20 shinikizo ndani ni kama baa 57, kwenye nyuzi 10 ni kama 45, kwa hiyo siku ya baridi risasi zinaenda polepole na zinaanguka chini ya pale ulipolenga, na ukipiga haraka haraka bastola yenyewe inajipoza matokeo yakawa yaleyale. Mwenye springi hana tatizo hilo (ana lake, mtikisiko). Tulichoandika sisi ni kwamba kubadilisha kapsuli ruksa muda wowote, saa haisimami, ila ukishabadilisha una risasi mbili za kujipima kwenye kadi ya pembeni baada ya kumwambia msimamizi. Dakika 40 kwa risasi 30 ni zaidi ya dakika moja kila risasi, kwa hiyo mwenye gesi ana nafasi ya kuiacha bastola ipumue.

Ikiharibika, dakika 10 za kurekebisha mara moja tu kwa raundi, au aazime iliyoko kwenye orodha na aendelee palepale alipoishia.

Hatua ya 7: kuhesabu

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na hakuna mahali msemo huu unaonekana wazi kama kwenye kadi ya shabaha. Mtu mwaminifu kabisa, akihesabu kadi yake jicho linamvutia kwenye mstari. Kwa hiyo hakuna anayehesabu kadi yake. Kadi zinaandikwa namba nyuma badala ya jina, zinachanganywa, wawili wanahesabu kila mmoja na karatasi yake bila kuonyeshana, wakipishana anaitwa wa tatu na lake ndo la mwisho.

Sheria ya mstari ni kwamba ukingo wa tundu ukigusa duara la juu unapewa la juu. Lakini tundu linadanganya. Karatasi inajirudisha risasi ikishapita, unaona tundu la milimita 4 na kidogo wakati risasi ilikuwa 4.5, kwa hiyo usiandikie mate na wino upo, tumia geji, kijiti cha kipimo kinachoingizwa kwenye tundu. Kama hamna geji ya kununua, chukua biti ya drili ya milimita 4.5, geuza upande ule laini usio na meno, uingize taratibu kwenye tundu kadi ikiwa imelala juu ya kitu laini, alafu angalia kwa lenzi ya kukuzia. Nakumbuka kadi moja kwa macho ilikuwa 8 safi, kuna weupe mwembamba kama uzi kati ya tundu na mstari wa 9, tukaingiza biti ule weupe ukapotea, chuma kikalala juu ya mstari. Pointi moja hiyo ilimvusha mtu kutoka nafasi ya nne kwenda ya tatu. Biti inaingizwa mara moja tu kwa kila tundu, ukirudia unalipanua, na anayeingiza ni yule wa tatu peke yake, matundu yasiyo na ubishi hayaguswi.

Yale ya ajabu yaandikeni kabla hayajatokea. Kadi ina matundu sita na yote kapiga mwenyewe: linaondolewa la pointi kubwa. Ina matundu manne na mtu anaapa alipiga tano: bandikeni karatasi ya pili sentimita chache nyuma ya kadi, risasi mbili zilizopita tundu moja mara nyingi zinaachana kule nyuma, ikionekana anapewa, isipoonekana ni sifuri. Umepiga kadi ya jirani: wewe sifuri, jirani anaondolewa tundu lisilo lake, na kama haijulikani lipi ni lipi yeye anabaki na kubwa maana hana kosa.

Hatua ya 8: nyongeza

Hapa ndo mgeni mwenye bastola ya kawaida anapata sababu ya kurudi wiki ijayo. Chukueni namba moja ya juu, tuseme 285. Kila mtu anatolewa wastani wake kwenye 285, tofauti inazidishwa kwa asilimia 80, hiyo ndo nyongeza yake.

Mfano mkongwe ana wastani 250, tofauti 35, nyongeza 28. Mgeni ana wastani 190, tofauti 95, nyongeza 76. Leo mkongwe kapiga 252, jumla 280. Mgeni kapiga 201, jumla 277, kakosa kidogo. Angepiga 205 angekuwa na 281 na angeshinda. Sasa jaribu kumpa asilimia 100: mkongwe 252 na 35 ni 287, mgeni 201 na 95 ni 296, hata hakuna mechi. Anayeanza skoa zake zinaruka sana, leo 180 kesho 215, na mkongwe hawezi kuruka hivyo maana dari lake liko karibu, kwa hiyo kwa asilimia 100 kila wiki atashinda mgeni mmoja aliyeamka vizuri na kufanya mazoezi kunakuwa hakuna faida. Wengine wanaweka 90. Mi naona 80 inamheshimu aliyefanya kazi na bado mgeni anaona mlango uko wazi, ila chagueni namba yenu kabla ya msimu na msiiguse katikati.

Figisu kubwa ya nyongeza ni mtu kupiga vibaya makusudi wiki za mwanzo ili apewe kubwa. Dawa yake ni hivi: wastani unatokana na raundi 4 za mwisho, nyongeza inashuka hapohapo mtu akipanda kiwango, ila ikipanda haipandi zaidi ya pointi 3 kwa raundi. Mgeni anapiga raundi mbili kabla hajaanza kuhesabiwa na inachukuliwa ile bora, sio ile mbovu.

Na ile sababu niliyoahidi ya kwa nini bastola hazisumbui huku: nyongeza imeshaimeza bastola. Mwenye chuma cha bei mbaya wastani wake uko juu kwa hiyo nyongeza yake ndogo. Inaharibika tu pale mtu anapobadilisha kifaa, ameweka wastani na bastola ya kujifunzia alafu raundi ya sita anakuja na ya mashindano. Kwa hiyo namba ya bastola inaandikwa kwenye daftari, ukibadilisha bastola, saiti au kutoka mikono miwili kwenda mmoja, nyongeza inaanza upya kama mgeni.

Hatua ya 9: sare, utoro na rufaa

Sare: anayeshinda ni mwenye kumi nyingi, zikilingana anayeshinda ni aliyepiga vizuri kadi ya mwisho, kisha ya kabla yake. Utoro: chezeni raundi 10 hesabuni 8 bora, watu wana kazi na wagonjwa nyumbani, na pointi za mezani kwa asiyekuja hakuna. Rufaa: kwa maandishi kabla kadi hazijatolewa mezani, inaamuliwa na watatu, mhusika na ndugu yake hawakai.

Likitokea jambo ambalo sheria haikulisema, siku hiyo mnamuamulia mtu kwa upole, mnaandika sheria mpya jioni ileile, inaanza raundi inayofuata. Hairudi nyuma kumnyang'anya mtu. Hata yule wa bastola ya mtumba, tulipobadilisha sheria pointi zake za msimu ule tulimwachia zote.

Hatua ya 10: kama mko mbali mbali

Ligi ya kutumiana kadi inawezekana kabisa. Msimamizi anachapisha kadi zote yeye, anazigonga muhuri na namba, anawatumia. Mnapiga mbele ya shahidi anayesaini, mnapiga picha kadi ikiwa imelala na rula pembeni yake, mnaituma siku hiyohiyo kwenye kundi la WhatsApp, kadi yenyewe mnaifunga kwenye bahasha kwa ajili ya kuhesabiwa. Picha ni ya kuonyesha tu kwamba kadi haikuguswa baadaye, pointi hazihesabiwi kwenye picha, simu ikiinama kidogo duara linakuwa yai na geji haiwezi kuingia kwenye skrini.

Hatua ya 11: raundi sifuri

Zikishaandikwa, zisiende zaidi ya kurasa mbili, kila mtu anapewa nakala yake wiki moja kabla. Alafu mnapiga raundi nzima isiyohesabiwa, yenye chupa, rula, biti, saa, wahesabuji wawili, kila kitu. Waambieni wanachama kazi yao siku hiyo ni kutafuta matundu kwenye sheria, waje na bastola ya ajabu kama wanayo, wabishie mistari, wajaribu kupata nyongeza wasiyostahili. Sisi mwaka wa pili raundi hiyo ilitutolea matundu saba, mojawapo ni kwamba hakuna aliyeandika saa inaanza kuhesabiwa lini, kwa amri ya pakia au ya anza. Tukaandika "anza", tukasaini, na wale watatu niliwapigia simu mmoja mmoja kuwasomea kurasa zote mbili. Wawili walikuja.